Pumzi Isiyopewa Alama

Mwezi wa Juni nililetewa hapa Nkwenda, wilayani Kyerwa, kikapu cha plastiki chenye mlango wa waya, na ndani yake paka. Aliyemleta ni kijana niliyemfundisha alifu na bee katika chuo changu, naye sasa anafanya kazi Dar es Salaam. Alikuja nyumbani kwa msiba, kisha akatakiwa kusafiri kikazi, akaniomba nimtunzie paka wake kwa siku arubaini. Pamoja na paka aliniachia karatasi nne zilizopigwa chapa. Tatu zilikuwa tafsiri aliyoifanya mwenyewe ya andiko ambalo chama cha Marekani kiitwacho Cat Fanciers' Association hulitumia kumpima paka wa mbegu hii anapoingizwa mashindanoni. Ya nne nitaieleza baadaye. Akaniambia, "Shikamoo Maalim, soma uone jinsi wenzetu walivyo makini. Nataka kununua dume, nizalishe, niuze Dar na Kampala. Ukishasoma unipe jibu kama biashara hii ni ya halali."

Basi paka nimekaa naye siku arubaini, na karatasi nimezisoma zaidi ya mara tano. Haya niandikayo ni uhakiki wa karatasi zile. Sisi tuliosomea vyuoni tumezoea kusoma matini pamoja na sharhi yake, na mara hii sharhi ilikuwa na miguu minne, imelala juu ya mkeka wangu.

Paka mwenyewe ni jike wa mbegu iitwayo Exotic Shorthair. Kichwa chake ni mviringo kama danzi, masikio madogo yaliyotengana, macho makubwa ya rangi ya asali, manyoya mafupi lakini mazito kama zulia. Uso wake ni bapa. Pua imeingia ndani katikati ya macho, hata ukimtazama kwa ubavu waona paji na kidevu, na baina yao kitu kidogo kama kifungo cha shati. Watoto wa chuo walipomwona siku ya kwanza, mmoja aliniuliza kama amegongwa na mlango. Nilimkemea, kisha nikakaa kulifikiri swali lake.

Hakugongwa. Alitengenezwa hivyo kwa makusudi, na historia yake si ndefu. Katika miaka ya 1950 wafugaji wa Marekani waliwachanganya paka wao wa manyoya mafupi na paka wa Kiajemi, wakitaka rangi ya fedha na mwili mnene. Watoto waliozaliwa hawakufanana barabara na mbegu ya baba wala ya mama, na mwaka 1966 chama kile kikawapa jina lao wenyewe. Sura ni ya Kiajemi, ila manyoya ni mafupi. Na mara nyingine, hata wazazi wote wawili wakiwa na manyoya mafupi, huzaliwa mtoto mwenye manyoya marefu, kwa kuwa asili ile ya Kiajemi imejificha damuni. Wako wanaomwita Mwajemi wa mtu mvivu, kwa sababu huna haja ya kumchana kila siku. Ama huko kuitwa Mwajemi nako kuna jambo la kuangalia: paka wa Kiajemi wanaoonekana katika picha za karne ya 19 wana pua. Kubonyea huku kumekuja baadaye, kizazi baada ya kizazi, kwa kuchagua kila mara mtoto mwenye uso mfupi kuliko wenziwe.

Sasa nirudi kwenye andiko. Nakiri kwamba limeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Lina alama 100. Kichwa, pamoja na umbo la macho na masikio, kimepewa alama 30. Umbo la mwili, mifupa na urefu wa mkia vimepewa 20. Rangi ya manyoya 20, manyoya yenyewe 10, rangi ya macho 10. Zilizobaki kumi zimegawanywa nusu kwa nusu baina ya ulinganifu na unadhifu. Pua imetakiwa iwe fupi na pana, na mahali pa kubonyea pawe katikati ya macho. Paka akitazamwa kwa ubavu, paji, pua na kidevu vitakiwe kusimama wima pamoja. Yapo hata mambo ya kumtoa paka mashindanoni: mkia uliopinda, vidole visivyotimia hesabu, makengeza, na fuvu lenye kasoro hata uso ukaenda upande. Mtu aliyeandika haya ana jicho kali, wala hapana neno la ovyo.

Lakini soma tena, ndugu yangu, kama nilivyosoma mimi. Macho yana alama kumi kwa rangi yake, na machozi hayakutajwa. Pua imepimwa urefu, upana na mahali ilipo, na kazi ya pua haikutajwa. Kati ya alama mia, hapana hata moja ya pumzi. Andiko zima limeandikwa na mtu aliyeketi mbele ya paka akimwangalia, na sidhani kama aliyaandika akiwa amelala naye chumba kimoja. Uso uliopinda kwenda upande hufukuzwa, na uso uliosukumwa ndani sawasawa pande zote husifiwa. Maana yake ni kwamba kinachochukiwa pale ni kukosa ulinganifu tu, maana madhara yako katika nyuso zote mbili.

Usiku wa kwanza niliamka kabla ya alfajiri nikasikia mkoromo sebuleni. Nilidhani mgeni amekuja usiku akafunguliwa na watoto. Nikawasha taa, nikamkuta paka amelala kifudifudi, kidevu amekiegemeza kwenye ukingo wa kikapu ili koo lipate kunyooka. Pua ya kiumbe haikuwekwa kwa ajili ya kunusa peke yake. Ndani yake mna vifupa vyembamba vilivyojikunja kama karatasi, navyo huipoza hewa, huilowesha na kuichuja kabla haijafika mapafuni. Ukilifupisha taya kwa kuzalisha, nyama ya ndani haifupiki kwa kiasi hichohicho. Inabaki imejazana mahali padogo, na matundu ya pua yanakuwa kama mkato wa ukucha. Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchunguzi juu ya nyuso za paka, wakakuta kwamba kadiri uso unavyozidi kuwa bapa ndivyo paka anavyozidi kuwa na shida ya kupumua, na machozi kumtoka, na kupungukiwa na uchangamfu. Ule upole ambao kijana wangu aliusifu sana, kwamba paka huyu hana fujo wala harukiruki, yawezekana sehemu yake ni pumzi isiyotosha.

Hapa kwetu tumepata rehema ya ubaridi, kwa kuwa sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa ni nchi ya juu. Hata hivyo adhuhuri moja alimfukuza kipepeo uani, mara mbili tu, kisha akaketi akihema kwa kinywa wazi kama mbwa. Nikafikiri hali yake itakuwaje Dar es Salaam mwezi wa Februari. Na moshi wa kuni ulimtesa. Tulimzuia asiingie jikoni, maana akiingia hupiga chafya mfululizo na macho yakawa mekundu.

Machozi ndiyo kazi kubwa. Katika kila jicho mna mfereji mwembamba wa kupeleka machozi puani. Uso ukibonyezwa mfereji hupinda, machozi hukosa njia, humwagika usoni, na mikunjo ya ngozi iliyo kando ya pua hukaa na unyevu hata ikaota kidonda. Kila asubuhi baada ya darsa mke wangu alichemsha maji, akayaacha yapoe, nami nikachukua kitambaa laini nikafuta kuanzia pembe ya ndani ya jicho kwenda nje, kitambaa cha jicho hili si cha jicho lile, kisha nikakausha mikunjo. Jioni tena. Siku niliyochelewa kwa sababu ya mazishi nilimkuta na alama mbili za rangi ya kutu zimeshuka hadi mdomoni. Huyo ndiye paka wa mtu mvivu.

Na chakula. Tulimpa dagaa katika bakuli la kawaida, la shimo, akaingiza uso, akatoka na dagaa kwenye paji. Hawezi kutanguliza meno, kwa kuwa meno yake hayako mbele ya macho kama ya paka wengine, na huokota kwa kugeuza upande wa chini wa ulimi. Nikamtafutia kisahani bapa cha kuwekea kikombe. Nilipokuwa nikimwekea nilikumbuka ile riwaya iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik, ya Kabsha binti Kaab, aliyemwona Abu Qatada akikiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka apate kunywa, naye akastaajabu, ndipo akaelezwa kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Sisi tumezoea kuisoma riwaya hii katika mlango wa tohara. Miaka arubaini nimeifundisha, na sikuwahi kuwaambia wanafunzi watazame mkono wa yule mzee ukiinamisha chombo.

Wiki ya tatu aliacha kula. Nilimtazama usoni nikaona huzuni, lakini huzuni ile naiona kila siku, ndiyo sura yake. Paka wangu wa ghalani akiumwa, masikio hulala, macho huwa membamba, mdomo hukaza, nami hujua. Huyu uso wake hauelezi kitu. Bwana mifugo, ambaye kazi yake ya kila siku ni ndigana ya ng'ombe, alikuja akamfungua kinywa, akakuta meno yamesongamana katika taya fupi na ufizi umechanika. Baadaye nilipata kusoma kwamba mwaka 2020 watafiti walilinganisha nyuso za paka wa mbegu mbalimbali, wakaona kwamba baadhi ya mbegu hizi za kutengenezwa zina alama za maumivu usoni hata pale paka anapokuwa shwari kabisa. Yaani tumemnyima hata njia ya kusema naumwa. Na juu ya hayo yapo maradhi ya figo, ambayo hujaa vifuko vya maji. Kasoro hii imeenea katika ukoo wa Kiajemi, hurithiwa hata ikitoka kwa mzazi mmoja tu, na asili yake katika damu ilitambuliwa mwaka 2004. Hilo angalau hupimika kabla ya kuzalisha, anayetaka kupima.

Mtu anaweza kusema kwamba andiko la umbo haliwezi kuzungumza habari za pumzi, maana hiyo ni kazi ya daktari. Sivyo. Shirikisho la Ulaya liitwalo FIFe nalo lina andiko lake juu ya mbegu hiihii, na humo imeelezwa kwamba matundu ya pua yawe wazi na mapana, hewa ipite bila taabu. Linganisha matini mbili hizi. La Ulaya nalo linataka pua fupi, sitalitakasa, lakini mwandishi wake walau alikumbuka kwamba mbele yake pana kitu kinachovuta hewa. Ujerumani wamekwenda mbele zaidi, wakaweka katika sheria yao ya kuhifadhi wanyama kifungu kinachokataza kuzalisha mnyama ambaye watoto wake watarithi mateso.

Ama sisi hatuna haja ya kwenda Ujerumani. Karagwe tunayo mambo mawili ya kutufundisha. La kwanza ni ng'ombe wetu wa pembe ndefu. Pembe zile hazikuja zenyewe; wafugaji wa nchi hizi, kutoka hapa hadi Ankole na Rwanda, wamechagua madume kwa uzuri wa pembe kwa vizazi vingi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kuchagua mbegu kwa uzuri ni haramu, nikawahukumu mababu zangu. Wala sitaki kuivuta ile aya ya Suratun Nisaa inayotaja kupasua masikio ya wanyama na kubadili alivyoumba Mwenyezi Mungu, nikaifanya rungu la kumpigia kila mfugaji. Ng'ombe yule hutembea na pembe zake, hupanda kilima, hushuka mtoni, hula mwenyewe.

La pili ni chungu. Novemba 1861 Mwingereza Speke alifika kwa mfalme wetu Rumanyika, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1863 alieleza wanawake wa jumba la kifalme walivyonenepeshwa kwa maziwa hata wasiweze kusimama, na binti akilazimishwa kunywa huku baba yake ameshika fimbo. Speke hakuwa na haya, alimpima mwanamke wa watu mapaja na kifua kama apimaye gunia la kahawa, nami simsamehe kwa hilo. Lakini alichokiona hatuwezi kukikana. Uzuri ulikuwa umewekwa na mtazamaji, na aliyeupata hakuweza kuinuka nao kitini. Nilipoisoma ile karatasi ya alama 30 za kichwa, hicho ndicho kilichonijia moyoni.

Karatasi ya nne ilikuwa picha, na chini yake maneno. Picha ni ya paka mweupe mwenye uso bapa, na maneno ni kile kisa kinachozunguka siku hizi katika simu: kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na paka aitwaye Muizza, akalala juu ya kanzu yake, naye akaikata mkono asimwamshe. Kijana amekiweka ili kuonyesha kwamba kumpenda paka wa namna hii ni sunna. Kisa hiki hakimo katika vitabu vya hadithi tunavyovijua, wala jina hilo. Kilichoandikwa na wanahistoria, kuhusu mkono wa nguo uliokatwa kwa ajili ya paka aliyelala, ni habari ya Sheikh Ahmad ar-Rifai, aliyekufa mwaka 578 Hijria, ambaye wapiga dufu wa pwani wanamjua vizuri. Na paka wa Madina, mtu akitaka kumchora, amchore na pua. Sikukasirishwa sana na kukosekana kwa sanad, maana watu hupenda visa. Kilichoniudhi ni kwamba kimewekwa chini ya picha ya kuuzia.

Hadithi iliyo sahihi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ni nzito kuliko kisa kile, na haikuwekwa katika karatasi. Ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumpa chakula, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi tunashika sehemu ya kwanza, ya kunyima chakula. Mimi katika siku hizi arubaini nimeshikwa na ile ya pili. Paka wangu wa ghalani, nikimsahau siku mbili, hafi. Ana panya katika maharage, na mvua za Novemba zikija na senene hunenepa kuliko mimi. Wazee wa mkoa huu wana sababu ya kumheshimu mwindaji huyu, maana mwishoni mwa miaka ya 1890 daktari Mjerumani Robert Koch alithibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu wa Kiziba ni tauni, nayo tauni huletwa na viroboto wa panya. Lakini huyu wa uso bapa hata nikimfungulia milango yote hawezi kujitafutia kitu. Panya alipita mbele yake jioni moja, alimwangalia, akakoroma. Yeye kifungo chake amekizaliwa nacho usoni, na yule anayechagua dume kwa ufupi wa pua ndiye anayekikaza.

Kijana aliporudi nilimpa jibu langu kama ifuatavyo. Kuuza paka wanavyuoni wamehitalifiana. Katika Sahihi Muslim kuna riwaya ya Jabir ya kukataza thamani ya paka, na walio wengi wameichukua kuwa ni makuruhu au ni kwa paka asiye na manufaa, wakajuzisha. Kwa hiyo sikumwambia fedha zile ni haramu. Nilimwambia kwamba huyu aliye naye amemwajibikia: kisahani bapa, kitambaa na maji yaliyochemshwa kila siku, asimweke juani wala penye moshi, amchane mara moja au mbili kwa juma, asimnenepeshe, ampeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe meno na figo, na akitakiwa kupasuliwa amkumbushe daktari kwamba dawa ya usingizi ina hatari zaidi kwa paka wa uso huu. Ama kuzalisha, nilimwambia asizalishe. Jike wa mbegu hii huweza kukwama katika uzazi kwa ukubwa wa vichwa vya watoto. Na tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, basi jambo hili si la sheikh wa kijijini peke yake.

Akanijibu, "Maalim, wenye mbegu hii wako wengi, mimi nikiacha watauza wengine." Nikamwambia hilo nalijua. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba dume ameshalilipia arabuni, na kiasi alichokitaja hapa Nkwenda mtu hupata ndama. Nilimuuliza kama anaweza kurudishiwa. Akasema atajaribu. Nami nikamshauri kwamba akishindwa kurudishiwa, amchukue dume na amhasi, awe na paka wawili wa kuwafuta macho. Alicheka, lakini hakukataa.

Walipanda basi la alfajiri, paka ndani ya kikapu chake, dirisha limefunguliwa kidogo kama nilivyoagiza. Karatasi zile tatu amezichukua, baada ya mimi kuandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, jambo moja lililosahauliwa katika hesabu ya mia. Kisahani amekisahau. Sasa anakilia paka wa ghalani, ambaye hakihitaji.